Pa Kuegemeza Tawi

Mzee wa Boila alikuwa mtu wa kusikia baridi. Nikisema hivyo watoto wangu hucheka, kwa sababu kazi yake ilikuwa moto. Mchana kutwa alisimama mbele ya mdomo wa boila pale kiwanda cha mkonge, katikati ya Thika na Ruiru, akitupa magogo ndani, jasho likimteremka hadi kwenye viatu. Jioni anarudi laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, nyumba yake na yetu zikigawana ukuta, anavaa koti zito la jeshi na kumwambia mkewe aongeze kuni. Mkewe, ambaye sote tulimwita Cucu, yaani nyanya, alinung'unika hadi akachoka. Alisema ameolewa na mtu anayechoma kuni za mzungu mchana na zake jioni, na zote zikiisha atachomwa yeye.

Jina lake nalijua, lakini hatukulitumia akiwa hai na sioni kwa nini nianze leo. Alikuwa wa boila na boila ilikuwa yake. Mimi nilikuwa mke kijana, mama wa mtoto mmoja, Njoki, na mume wangu alikata mkonge. Nilikuwa na mdomo. Wazee wengine walinikwepa kwa ajili ya mdomo huo, yeye akaupenda, ndiyo maana nina mengi ya kusema juu yake. Mengi ni ya kuchekesha. Lakini yote huishia mahali pamoja, kwenye kile kisima cha bondeni alichotaka kukiokoa akakiua kwa mikono yake mwenyewe.

Nianze na magogo. Kila gogo kubwa, kabla ya kulitupa motoni, alilipiga kofi dogo na kuliambia pole. Vijiti hakuvijali, alisema havina habari. Lakini gogo lenye umri lilipata pole yake, na siku ya kazi nyingi ungepita nje ya ukuta wa mabati ukasikia pole, pole, pole, hadi ukadhani ndani kuna msiba. Vijana wageni walicheka. Nami nilicheka, kisha siku moja nilipompelekea uji aliosahau nikamwuliza: Guka, maana nilimwita babu, unaumiza halafu unasema pole, si ungeacha tu? Akanijibu kwamba yeye akiacha ataletwa mwingine asiyesema pole. Nililiona jibu la akili sana wakati ule. Tangu hapo nimelisikia kwa muuza makaa, kwa mwenye lori, kwa mwenye kujenga juu ya chemchemi, na sasa hata halinifurahishi.

Asubuhi za anga safi, kabla ya kengele ya kazi, alisimama kando ya lundo la kuni akitazama Kirinyaga, Mlima Kenya. Kutoka kwetu mlima huo ulionekana wote, na weupe wake juu. Alidai kwamba ujanani mwake weupe ule ulishuka hadi hapa, akigusa nyusi zake, na sasa umebaki hapa, akigusa utosi. Mimi sikuuona ukipungua. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima kwa ajili ya moshi, na mtu wa macho yale si shahidi wa kutegemea. Lakini alilisema kwa huzuni kiasi kwamba nami nilianza kuutazama nikienda kisimani. Hata leo, hapa Kimbo ninapokaa, nikipata asubuhi safi hutafuta mlima katikati ya matangi ya maji ya juu ya ghorofa, na mara nyingi siuoni.

Swali lake lilikuwa moja, na hakuchagua wa kumwuliza. Alimwuliza fundi, mwenye maziwa, mchungaji, hata askari wa lango ambaye hakutaka kuulizwa kitu. Hili joto ni la kupita au la kukaa? Maana alikuwa ameona miaka mibaya, na mama yake aliona mibaya zaidi, miaka ya watu kula ngozi. Ile ilikuja yenyewe na ikaondoka yenyewe. Jua lilikasirika, likapoa. Sasa alihisi kitu kingine ambacho hakikuwa na dalili za kuondoka, na kilichomtesa ni kwamba alishuku kinatoka wapi.

"Moto wa juu una mwenyewe, Mama Njoki, siku moja atauita," aliniambia, akiuonyesha moshi wa kiwanda kwa kidevu. "Huu wetu nani atauita?"

Mjukuu wangu, aliyesomea jiografia chuo kikuu akikaa kwenye hosteli za wanafunzi za Kahawa Wendani, aliwahi kunichorea jambo hilo kwa kidole juu ya meza. Akasema kuna joto la jua lenyewe, likizidi na kupungua. Kuna milima ya moto inayotapika majivu. Bahari nazo zina zamu zake. Hayo huja na kwenda tangu dunia iwe dunia. Halafu kuna moshi wetu, wa viwanda na magari na misitu tunayochoma, na huo hukaa huko juu na kutufunika. Nikamwambia nimeshaambiwa hayo zamani na mchochea moto. Akaniangalia kwa adabu. Kwa haki ningemwongezea kwamba mchochea moto huyo huyo alisema pia kwamba mvua hukimbia kelele za treni, na kwamba kunguru wa Thika hubeba vumbi makusudi.

Sasa lile jambo la matawi. Watu wetu wa kale walipofyeka msitu ili walime, hawakuimaliza miti yote. Waliacha mmoja mkubwa usimame, ili roho za ile iliyoanguka zipate pa kukaa zisisumbue watu. Na huo wa kubaki nao ukilazimika kuondoka, mtu hukata tawi lake, hulibeba hadi kwenye mti mwingine mkubwa, huliegemeza shinani, na waliokuwa ndani huhamia huko. Zamani ilihitaji kondoo na wazee na maneno maalum. Mzee wa Boila hakuwa na kondoo wala hakuyakumbuka maneno yote, alikuwa na miguu tu. Mti mkubwa ukiletwa kiwandani aliunyofoa tawi, na Jumapili baada ya ibada ungemwona na koti lake anavuka mashamba na tawi begani, anatafuta pa kuliegemeza. Kila mwaka alitembea mbali zaidi. Cucu alisema wanaume wengine hupotelea kwenye pombe na wake amepotelea kwenye kuni.

Na alikuwa Mkristo, tena wa kweli, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani kwa sauti yake iliyopasuka. Mchungaji alimwita mbele ya wazee wa kanisa amwulize anamfuata nani, Bwana au miti. Sikuwapo, lakini Cucu alikuwa nje ya dirisha na alisikia. Mzee alimjibu kwamba mtu akifukuzwa kwake haulizwi dini kwanza ndipo aonyeshwe pa kulala. Mchungaji akamwacha, ila tangu siku ile hakuacha kumtazama.

Kisha ikaja Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mzungu. Laini zetu zikazungushiwa waya na handaki, tukapewa saa ya kutoka na saa ya kurudi. Kisima kilikuwa bondeni, karibu na lango, chini ya mkuyu mkubwa ambao ndio uliokuwa mti wa mwisho wa Mzee wa Boila; matawi ya miaka yote, hata yale ya mbali ambayo miti yake ilikatwa baadaye, yalikuwa yameishia pale, yameegemea shina, mengine yameoza. Maji yale yalikuwa baridi na matamu, nasi wanawake tulikuwa tunawahi kuchota na kurudi kabla lango halijafungwa. Mto Ndarugu ulikuwa mbali, njia yake mawe matupu, na maji yake yalinuka takataka za mkonge ambazo kiwanda kilimwaga huko. Bila kisima tusingejua pa kuanzia.

Amri ikaja kwamba bonde lote lifyekwe ili wapiganaji wa msituni wasipate pa kujificha. Tukatolewa wanawake na mapanga, mtoto mgongoni, askari nyuma yetu. Vichaka vikaisha. Ukabaki mkuyu. Mzee wa Boila alikwenda kwa mkubwa wa wale askari, akavua kofia, akamweleza kwamba mti ule ndio unaoshika maji. Sikuwahi kumwona akijishusha hivyo. Akajibiwa kwamba mtu anaweza kusimama nyuma yake asionekane, na kweli angeweza. Uliangushwa kwa msumeno wa watu wawili wawili, kwa zamu, na vipande vikavutwa na trekta hadi kiwandani, hadi kwake.

Mkuyu ni kuni mbaya. Maji mengi, nguvu kidogo, moshi mtupu. Moshi huo ulijaa laini zote, nguo kwenye kamba zikawa nyeusi, Njoki akakohoa juma zima. Nyapara alituambia kwamba mzee alichochea kazi nzima bila kusema pole hata moja.

Tawi la mkuyu alikuwa ameliweka. Pa kulipeleka ndipo palipokosekana. Kote kulikuwa kumefyekwa, kilichobaki ni mkonge hadi Kilimambogo, na mkonge si mti, hata yeye hakujaribu kujidanganya. Ila hatua chache juu ya kisima palikuwa na mkaratusi mmoja mchanga, au blugamu kama tulivyouita, uliopandwa na watu wa barabara na kusahauliwa. Askari waliuacha kwa kuwa shina lake halingemficha hata paka. Akaliegemeza tawi pale. Cucu akamwambia ule ni mti wa kigeni, hauna hata kivuli. Mzee akasema sisi nasi katika zile laini ni wageni, kivuli hatuna, na tunakaa.

Angeishia hapo, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini moyo wake haukutulia. Aliwaza kwamba roho za msitu mzima zimebanana kwenye shina moja jembamba, na kwamba kisima kimebaki uchi. Estate, yaani shamba la mzungu, ilikuwa na kitalu cha blugamu kwa ajili ya kuni, kwa hiyo akaomba miche. Akaipanda kukizunguka kisima, mduara mzuri, karibu kabisa na maji ili isife. Tulimsifu. Wanawake tulikuwa tunaimwagilia kila tulipokwenda kuchota, kwa maji ya kisima kile kile. Na ikaota. Haiya, sijaona mti wenye haraka kama ule. Ilipita urefu wa mtu kabla hujamaliza kuipongeza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Mzee wa Boila akisahau koti nyumbani.

Kisima hakikukauka kwa siku moja. Kwanza debe lilikuwa linazama lote, kisha ukalazimika kulilaza ubavu, kisha tukaanza kuteka kwa kibuyu, mmoja mmoja, wengine wakisubiri kwa foleni na hasira. Tukaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe juu ya nani alichota zaidi. Wakati huo huo mvua zilikuwa haba na jua kali, kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengine walisema ni jua. Wengine walisema ni mkuyu kukatwa. Mchungaji alihubiri kwamba ni miaka mikavu tu, kama ile ya Yusufu kule Misri, na itapita. Mzee wa Boila akamfuata nje ya mlango wa kanisa, watu wote wakisikia, akamwambia kwamba Yusufu aliambiwa itaisha lini, je, yeye ameambiwa? Watu wakaguna. Mchungaji hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alimtazama kwa huruma.

"Hiyo miti uliyopanda," akasema taratibu, "umewahi kujiuliza inakunywa nini?"

Mzee wa Boila alisimama pale hadi tukaondoka wote. Kesho yake alishuka bondeni na jembe, akachimba pembeni mwa kisima, kisha akaacha jembe akachimba kwa vidole. Nilikuwa pale na kibuyu changu. Mizizi ilikuwa imeingia hadi ndani ya jicho la maji, myekundu, minene, imejaa. Aliushika mmoja kwa mkono, ukiwa umelowa. Natamani angelia. Nilimwita Guka, nikamwambia si yeye, ni jua, ni wale waliokata mkuyu. Nilikuwa nasema kweli na haikumsaidia.

Ruhusa ikatolewa ya kwenda Ndarugu, saa zile zile chache, kwa hiyo ilikuwa kukimbia. Cucu alikuwa mtu mzima, debe mgongoni, kamba kipajini, kwenye mawe yale. Tulimwambia akae, tutamletea. Alisema mumewe hatakunywa maji ya kuombwa. Akateleza wakati wa kurudi. Debe lilimwangukia, nyonga ikavunjika, tukambeba kwa shuka hadi laini na hakusimama tena.

Basi Mzee wa Boila akaanza kuchota maji mwenyewe. Mwanaume, mwanzishaji wa nyimbo kanisani, na kamba ya debe kipajini. Wengine walimcheka, hata askari. Alipita katikati yao na koti lake akamnywesha mkewe kwa mkono. Lakini Cucu hakuyataka maji yale. Aliyageuzia uso, akasema yananuka mkonge, amletee ya kisimani. Alilisema kila siku, hakuwa na ubaya, akili ilikuwa imeanza kumtoka. Mzee alikuwa anateremka na kijiko na kikombe, anakaa juu ya tope akingoja tone, anarudi na kitu ambacho hakikuweza kulowesha ulimi. Cucu alikufa katikati ya kiangazi. Tulimwosha kwa maji ya mto.

Baada ya mazishi aliikata blugamu yote. Hakuna aliyemzuia, na kuni zilipelekwa boila, na safari hii pia hakusema pole, ila nadhani ilikuwa kwa sababu nyingine. Tukasubiri maji. Mvua ilipokuja, maji hayakuja. Visiki ndivyo vilivyochipua. Kila shina alilokata likatoa mengine matatu, manne, na alipoyakata hayo yakatoka mengine. Mume wangu alikuwa amepata kazi kwenye shamba la kahawa huko Ruiru, tukahama. Siku ya kuondoka nilimwona bondeni na panga, ameviinamia visiki, nikamwita kutoka barabarani. Hakusikia, au hakutaka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini, Emajensi imelegea na watu wanatembea, alipokuja kwangu Ruiru. Nilimtambua kwa koti, katika jua kali vile. Alikuwa amepungua mno, na mkononi alikuwa na fimbo ndefu iliyokauka. Nikamkalisha, nikampa chai, Njoki akatumwa ndizi. Nikauliza habari za kiwanda.

Akaniambia boila imezimwa. Imeletwa mashini ya mafuta, kuni hazitakiwi tena, naye ameambiwa aende akapumzike. Nilifurahi kwa ajili yake, nikamwambia sasa miti nayo itapumzika. Akatikisa kichwa. Alikuwa amemwuliza fundi mafuta hayo yanatoka wapi.

"Ati yanatoka chini ya ardhi," akasema. "Ni vitu vilivyooza huko tangu zamani, misitu mizima. Mama Njoki, wanafukua. Wanachoma hata waliokwisha kuzikwa."

Nikamwuliza swali lake mwenyewe, kwa utani kidogo, ili nione kama atacheka kama zamani: Guka, hili joto ni la kupita au la kukaa? Miaka yote aliuliza na sikuwahi kumsikia akijibu. Alimaliza chai kwanza.

"La kukaa," akasema.

Tukazungumza mengine, Njoki alivyokua, bei ya kahawa, kaburi la Cucu ambalo trekta lilipita karibu nalo. Akasema fimbo ile ni tawi la ile blugamu ya kwanza, na ndani yake mna mkuyu, na ndani ya mkuyu wote wa kabla. Ametembea nayo kutoka kule hadi hapa kwa miguu, akitazama pande zote za barabara. Nilimwambia miti ya kahawa iko mingi. Akanitazama kama ninavyomtazama mtoto aliyesema neno la kitoto. Kahawa hukatwa kila msimu isizidi mkono wa mchumaji.

Akaaga. Nilimsindikiza kwa macho tu kwa kuwa chungu kilikuwa jikoni, na nilipogeuka nikaiona fimbo imeegemezwa kwenye mwimo wa mlango wangu. Nikaichukua nikamkimbilia, naye alikuwa amekwisha fika penye ukingo wa shamba la kahawa.

"Guka, umesahau fimbo."

"Sijasahau," akasema, na akaendelea kwenda.

Sikumwona tena. Habari za kifo chake zilinifikia zikiwa zimechelewa, na hazikusema amezikwa wapi. Fimbo ninayo. Nimehama nayo Ruiru yote, nyumba za udongo, za mabati, za mawe, na mjukuu wangu huniuliza kwa nini tusiitupe, tawi lenyewe limeliwa na mchwa upande mmoja. Kila nikifika mahali papya hutoka nje kwanza nikatazama huku na huku kama kuna mti mkubwa. Hapa Kimbo nilizunguka hadi kule nyuma ya stendi, ploti baada ya ploti, kisha nikarudi ndani nikaiweka nyuma ya mlango.